Barua kwa Mama Upendo: kinyungu cha mama

Mufindi,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Mama Upendo,

Kamwene dada. Hujambo wewe, hawajambo watoto, hajambo baba Upendo? Sisi huku tu wazima, ila baridi inatutafuta. Leo asubuhi nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na beseni nililolisahau nje lilikuwa na ganda jembamba la barafu juu ya maji. Bahati alilibandua zima zima, akalishika kama kioo akamchungulia nalo bibi yake. Bibi anakusalimu sana. Miguu ni ile ile, lakini maneno hayajapungua.

Naandika upesi upesi kwa sababu yule mwalimu wa hesabu aliyepanga kwa mzee wa mashine anasafiri kesho alfajiri kwenda kwao Tanga kwa likizo. Ameniahidi kwamba barua ataiacha Mombo mkononi mwa shemeji yako, nayo itakupandia huko Lushoto. Ungesema si ningepiga simu. Mtandao wetu unaujua: unashika pale kilimani kwa kanisa tu, na pale huwi peke yako hata siku moja. Huyu anaongea na mwanawe Makambako, yule anasubiri muamala, na wote masikio wazi. Ninalotaka kukuambia si la kusemea pale. Halafu nimekupigia mara mbili wiki hii, hupatikani. Umebadilisha laini?

Dada, kaka yako anauza shamba la mama yenu. Lote, kuanzia kule juu kwenye milanzi, mianzi ile ya kugema ulanzi, hadi kwenye kinyungu, bustani yake ya bondeni, hadi mtoni.

Sikuambiwa, nilijionea. Jumatano nilishuka na panga kwenda kufyeka nyasi za kinyungu, maana huu ndio mwezi wake, nikakuta vigingi vinne vya mti mbichi, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Kimoja kimepigwa katikati ya tuta la mama, lile la maboga. Nilikishika, rangi ikanibaki kidoleni. Bado mbichi. Nikasimama pale na panga langu, sikuweza kufyeka hata unyasi mmoja, nikarudi nyumbani mikono mitupu na jasho la baridi. Jioni baba Bahati ndipo akanieleza kila kitu. Na yeye alikuwa anajua siku tatu nzima, ameniogopa.

Mnunuzi ni mtu wa mjini. Sijui kwao hasa ni wapi, ila ameshanunua kule kwa akina mama Zawadi na lile pori la mzee aliyehamia Ifunda. Anataka kupanda milingoti, hiyo mikaratusi. Anasema ya nguzo za umeme, miaka minane au tisa unakata, kisha inachipua yenyewe, hupandi tena. Kaka yako ameahidiwa milioni moja na nusu. Eka mbili na ushee, dada, na kinyungu humo humo, kwa milioni moja na nusu! Serikali ya kijiji inakaa Jumamosi ya tarehe 28 kulijadili, na baba Bahati ameitwa kuweka sahihi kama jirani wa mpaka. Amewaambia wampe muda. Sahihi hajaweka, na mimi nimemwambia akiiweka kabla hujajibu, asitegemee kula ugali wangu.

Nisimseme kaka yako vibaya. Ninamwonea huruma. Pikipiki ile aliyoichukua kwa mkataba ilirudi kwa mwenyewe mwezi wa tatu, baada ya yeye kulipa zaidi ya nusu. Mtoto amechaguliwa kidato cha tano, anatakiwa kuripoti mwezi ujao, na ile orodha ya vitu umeiona wewe ilivyo: godoro, shuka, ndoo, jembe, reki, viatu vya aina mbili. Wifi yako naye tangu alipojifungua hajawa sawasawa. Mtu akifika hapo, mwenye fedha akija na gari mpaka mlangoni, anamwona malaika. Kaka yako si mlevi na si mvivu, amebanwa tu. Ndiyo maana nataka tumtafutie njia, si tumgombeze.

Lakini kinyungu hapana. Nikianza kukieleza naona nakuwa kama ninakufundisha kwenu, nawe ulizaliwa pale. Ila umekaa huko miaka kumi na moja sasa, na nadhani kuna vitu mtu husahau akiwa mbali, si kwa kupenda. Unakumbuka Januari zilivyokuwa? Kihenge kimebaki mavumbi, mahindi ya mlimani yamefika kiunoni tu, baridi yetu hii inayafanya yakae shambani hadi mwezi wa saba. Nyumba ngapi zilikuwa zinapika mboga tupu? Sisi tulikuwa tunakula mahindi mabichi, maboga na njegere, kwa sababu mama alikuwa amelima bondeni tangu kiangazi. Mwezi wa sita anafyeka, nyasi anazilaza, anazifunika udongo mweusi ule unaonata kama ugali wa ulezi, anainua matuta na kuacha mifereji katikati ili maji yapite yasisimame. Mwezi wa nane anapanda. Mvua inapoanza Novemba, yeye mahindi yake yanabeba. Alikuwa anasema, "Hiki ndicho chungu changu, kinapika hata mbingu ikinuna." Namsikia kabisa.

Na kwenu hakukula wa kwenu peke yao. Mwaka ule baba yangu alipofariki, mimi na wadogo zangu tulikula kinyungu cha mama yako kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Sikuwahi kukuambia kwamba alikuwa anatuwekea kapu usiku, kwenye kichaka cha mlango wa nyuma, ili watu wasituone tunapewa. Asubuhi tunalikuta, limefunikwa jani la mgomba. Sijamaliza kulia kwa hilo kapu hadi leo.

Nisikufiche na hili: mimi nina maslahi. Tangu mama atutoke mwaka juzi ninalima robo ya kinyungu, kaka yako aliniruhusu, na kila mavuno nimempelekea debe lake. Kwa hiyo ukisema Mama Bahati anajitetea, utakuwa na haki ya kusema. Lakini hata ukisema mimi nisikanyage tena pale, na ulime wewe au umpe mwingine yeyote wa kulima, nitashukuru. Kinachonikosesha usingizi ni hiyo milingoti.

Ngoja nikupe mfano wa kwetu. Mwaka 2010, mwaka ule wa uchaguzi, baba mkwe aliuza lile shamba la juu ya kisima chetu. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili tu, sikuwa na sauti. Wakapanda milingoti mpaka ukingoni kabisa. Ulipokuja kwenye harusi ya mdogo wangu ulichota maji pale, ukasema yanatoka kama bomba. Ndoo ya lita 20 ilikuwa inajaa nikihesabu hadi arobaini. Wiki iliyopita nimehesabu, dada. Nimefika mia tatu na kumi. Na huu ni mwezi wa sita, kiangazi hakijakomaa. Oktoba tunaamka saa tisa usiku kuwahi foleni, na anayefika saa kumi na mbili anakomba tope kwa kikombe. Mti ule unakunywa usiku na mchana na hauna msimu. Mpaini una nafuu, wa kule mlimani sina ugomvi nao, umetujengea nyumba na kusomesha watoto wa hapa, nani atakana? Lakini mlingoti ndani ya bonde ni kuufungulia mto mdomo unaonyonya.

Sasa sikia kaka yako anavyojitetea, au niseme mnunuzi anavyomlisha maneno. Anasema kulima kinyungu ni kosa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo ardhi hiyo haina kazi, heri ipandwe miti. Ni kweli sheria ipo. Hata mama aliitii. Unakumbuka walipopita maofisa na kamba ya kupimia? Wengine walifungua midomo, mama akang'oa matuta yake ya chini mwenyewe, akaacha nyasi zirudi, akapanda mivengi kumi na miwili kando ya mto kwa sababu aliambiwa mivengi inatunza maji. Tisa ipo mpaka leo, miwili imenizidi urefu. Kilichobaki kinyungu ni kile cha juu ya alama. Nilihesabu hatua zangu Alhamisi kutoka mtoni hadi tuta la kwanza: themanini na saba. Sasa sheria iliwekwa ili maji yasikauke. Mtu ataitumiaje sheria hiyo hiyo kumwondoa mama wa mahindi na kumleta mti unaokausha? Nikimuuliza kaka yako hivyo ananyamaza, anatazama viatu vyake.

Na maji yale si yetu peke yetu. Kamto ketu kanaingia mto mkubwa, nao unashuka hadi Kihansi kwenye mitambo ya umeme. Nguzo anazotaka kuvuna yule bwana zitabeba umeme unaotokana na maji ambayo miti yake itayanywa. Nimelifikiria hili usiku kucha mpaka likaniuma kichwa.

Halafu kuna milanzi. Ile milanzi ya mama iko ndani ya vigingi. Msimu huu uliopita kaka yako aligema, mbeta za kukingia ulanzi zikawa zinajaa asubuhi na jioni, na togwa yake, ule ulanzi usiochacha, ilikuwa tamu kama ile ya zamani. Niliwapelekea wazee wa jumuiya kikombe kikombe. Na kaburi la mama liko hatua sita kutoka kwenye milanzi, wewe unajua. Mnunuzi amesema atalizungushia waya na tutakuwa huru kulitembelea. Kulitembelea! Kama wageni.

Sasa sikiliza ninachokuomba, maana mwalimu alisema atapita saa mbili usiku kuchukua barua.

La kwanza, hati. Ile hati ya haki miliki ya kimila waliyotupimia, jina lako limo. Niliiona kwa macho yangu mama alipokuwa anaitoa kwenye sanduku kuwaonyesha watu, anapitisha kidole: langu, la kaka yenu, la binti yangu. Majina matatu. Baba Bahati aliniletea kile kijitabu cha mtendaji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, nikakisoma kwa kibatari. Kimeandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe umeolewa Usambaani, huna chako huku. Andika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji, kwamba wewe ni mmiliki mwenza na hujaridhia. Iandike kwa mkono wako, weka sahihi na tarehe, na ifike kabla ya tarehe 28. Ukiipiga picha ukamtumia mwalimu kwenye simu yake, atanichapishia Mafinga akirudi, anarudi tarehe 24.

La pili, fedha. Ukimnyang'anya mtu tonge lazima umpe kijiko. Kikoba chetu tumekaa Ijumaa, wanawake kumi na wanane, na tumekubaliana kukodi kinyungu pamoja na eka moja ya juu kwa misimu mitatu na kulipa mara moja, laki nne na nusu. Tunazo. Mama Zawadi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, yeye aliyekwisha kuuza kwao, akasema, "Msifanye nilichofanya mimi." Alisema hivyo tu akaketi. Laki nne na nusu si milioni moja na nusu, ninajua. Lakini inampeleka mtoto shule na godoro lake, na shamba linabaki lenu. Parachichi pia tumelizungumza: eka ile ya juu inafaa, wenzetu wa Njombe wanauza, na miche tunaweza kupata kwa mkopo wa kikundi. Hilo ni la baadaye, sitaki kuchanganya mambo.

La tatu ndilo gumu. Zungumza naye wewe. Usianze na hati. Anza na kumuuliza hali ya wifi. Alilia mbele yangu Alhamisi, mtu mzima, akasema tangu mama azikwe hujampigia hata mara moja kuuliza anaishije. Sikumjibu, maana sijui yaliyo kati yenu na si kazi yangu kujua. Nakuandikia tu kama alivyosema. Ukianza na sheria atakuona mdai, nami nitakuwa nimewagombanisha watoto wa mama aliyenilisha. Hilo siliwezi.

Habari nyingine kwa ufupi. Mashine ya kusaga imepona. Yule binti wa mama Furaha amejifungua mapacha, na wa pili alimshangaza hata mkunga. Choo cha shule bado. Bei ya njegere ni nzuri mwaka huu, madalali wanakuja mpaka Kibao na tunawabebea kwa pikipiki. Jirani yetu mpya, yule kijana wa mbao, wiki mbili zilizopita aliingiza jiko la mkaa chumbani akafunga dirisha kwa ajili ya baridi, yeye na mkewe na mtoto. Mtoto alilia, ndiyo pona yao. Mke alitambaa hadi mlangoni akaanguka nusu ndani nusu nje, na baba Bahati ndiye aliyemkuta alipokuwa anatoka kwenda kukamua. Wote wamepona, lakini kijana kichwa kinamgonga hadi leo. Dada, huko Lushoto nako ni mlimani, nako mwezi huu kuna baridi. Nakusihi jiko lilale nje. Moshi wa mkaa unaoua hauonekani wala haunuki. Mwambie na yule msichana anayekusaidia.

Nimeuanza ukurasa wa nne na bado vigingi vile naviona. Nilitamani kuving'oa, nikuambie kweli. Nilikishika kile cha kwenye tuta la maboga, kikacheza. Nikakiacha, kwa sababu nikiking'oa mimi itakuwa kesi, ukikikataa wewe itakuwa neno la mwenye shamba.

Sasa nijibu. Unaiona milioni moja na nusu kama mimi ninavyoiona, au na wewe una shida ambayo hujaniambia? Kama una shida niambie, sitakuhukumu. Jina lako kwenye hati limeandikwa la kwa baba yako au la ndoa? Una nakala? Ulisema mwaka juzi msibani kwamba ungependa siku moja kurudi kujenga pale juu penye milanzi: ulisema kwa uchungu wa siku ile au ulimaanisha? Upendo amemaliza kidato gani sasa, anajua hata neno moja la kwetu? Huko Usambaani mabonde yenu ya kabichi na karoti yana milingoti, na kama ipo, wazee wa huko wanasemaje kuhusu maji? Je, baba Upendo atakuruhusu kuja mwezi wa saba, hata siku nne? Nauli ya kurudia nitakuchangia kutoka kwenye njegere. Ungelala kwangu, chumba cha Bahati nimekipaka chokaa.

Kwenye kifurushi kuna kitambaa cha bluu nimekifunga mafundo mawili. Ni mbegu ya njegere ya mama, kutoka kwenye tuta la tatu, nilizichambua moja moja nikaacha zenye vitundu. Zipande. Nyingine za kula ziko kwenye mfuko wa chini, usizichanganye.

Mwalimu anabisha hodi.

Wako,
Mama Bahati

Nimesahau: kaka yako anashika mtandao kilimani Jumapili baada ya ibada, kama saa sita hivi. Saa hiyo ndiyo umpigie.